Unyoya wa Tisa

"Mbayuwayu hawaitegemei Ihefu," Dira ilisema.

Sauti ya mtambo ule ni tamu, sauti ya shangazi anayekuuliza kama akuongezee chai, na labda ndiyo maana watu waliojaa ukumbini walichelewa kuelewa kwamba wamekwisha hukumiwa. Kisha wakaguna kwa pamoja.

"Manyoya yote yaliyochukuliwa kwa mbayuwayu wa Ihefu yana saini ya maji ya kusini, ng'ambo ya Zambezi," Dira iliendelea. "Unyoya hubeba alama ya maji ya mahali ulipoota; huko ndiko wanakonyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya. Ihefu wanapita tu. Mpita njia hagawiwi maji. Lango la Ihefu lifungwe Jumamosi, adhuhuri."

Nilikuwa nimesimama mbele yake kwenye kizimba cha vioo, mimi Tusekile Mwasomola, daktari wa ndege wa Ihefu, kichwa nimekinyoa kwa sababu ya joto na hasira imenipanda hadi kisogoni. Nilitamani kuupiga teke ule mtambo. Nilijizuia kwa kuwa nilivaa ndara.

Baada ya Vita vya Mifereji, wazee wetu walichoka kuzika vijana waliouana kwa ajili ya bomba na mtaro. Wakayachukua malango yote ya maji ya Bonde, kutoka milima ya Kipengere hadi baharini, wakaukabidhi mtambo. Dira haina tumbo la kuhongwa wala shemeji wa kumpendelea. Kila kiangazi kikuu kikija, huuliza kila ziwa na kila kinamasi swali moja tu: ukikauka, nani atakufa kwa kukosa pengine pa kwenda? Watu hawamo katika swali hilo, kwa kuwa watu wana miguu na Baraza la Malango lina maghorofa ya kuwahamishia Makambako. Wanaobaki kukitetea kinamasi ni viumbe wengine. Samaki wetu walishindwa kesi, korongo wakashindwa, na mbayuwayu ndio waliokuwa mashahidi wetu wa mwisho.

"Daktari, una la kuongeza?" aliuliza mwenyekiti wa Baraza.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Adela Mhagama. Yeye ndiye aliyenifundisha kumshika ndege, na mpaka leo hata yai la kuku nalishika kama anavyoshika yeye.

"Ninalo, Profesa." Nikafungua mfuko wangu nikamwaga juu ya meza manyoya meusi, marefu, yaliyochongoka. "Haya nimeyaokota Ihefu, chini ya matete. Ni ya nchani mwa bawa. Kama yanaangukia kwetu, basi na mapya yanaota kwetu."

"Unyoya ulioanguka hauna mwenyewe," Dira ilijibu. "Huletwa na upepo. Huletwa pia na mtu, kwenye mfuko."

Ukumbi ulicheka kwa uchungu. Sikuweza kuulaumu mtambo. Kinamasi kimoja jirani kiliwahi kufumaniwa kikisafirisha manyoya kwa magunia.

"Profesa, nisikilize wewe basi," nikasema. "Mbayuwayu habadili manyoya ya bawa yote kwa mpigo, angeanguka. Huanza na wa kwanza, ule mfupi wa karibu na mwili. Ukishaota unafuata wa pili, wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tisa, ule mrefu wa nchani. Sisi huchukua upi?"

"Wa kwanza," alisema. "Ni Sheria ya Huruma. Unaijua."

Niliijua kwa moyo, maana yeye ndiye aliyeiandika. Ndege mmoja, unyoya mmoja, nao ni wa kwanza, ambao ndege hausikii ukitoka. Nyavu zifunguliwe alfajiri, zifungwe jua likianza kuchoma, aliyenasa asife kwa joto. Ni sheria njema. Kabla yake wataalamu walikuwa wakiwanyonyoa ndege kama wa mchuzi.

"Kwa hiyo hatujawahi kumsoma mbayuwayu," nikasema. "Tumesoma unyoya wake wa kwanza. Itakuwaje akianza kusini, akasimamisha kazi katikati, akasafiri, akaja kumalizia kwetu? Yale ya mwisho, marefu, ndiyo yanayomvusha jangwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yalikoota."

Profesa aliinamia karatasi zake. Dira ndiyo iliyojibu.

"Hoja inapimika. Unyoya wa tisa, kutoka kwa ndege aliye hai, aliye mkononi, mwenye pete. Ndege thelathini wanatosha. Muda ni hadi Jumamosi, adhuhuri."

Watu wa Ihefu walishangilia. Wataalamu wachache tuliokuwamo hatukushangilia. Mng'oe mbayuwayu unyoya wa tisa mwezi huu wa tatu, wenzake wakijiandaa kwenda kaskazini, naye atabaki chini mpaka mwingine uote. Ukishaota, mvua za huko anakokwenda zimepita na wadudu wamekwisha njiani. Huo si unyoya uliomng'oa, ni uhai wake. Mtambo haukulijali hilo kwa sababu Sheria ya Huruma ni ya watu, na Dira huuliza kama jambo ni kweli, haiulizi limepatikanaje.

Profesa Mhagama alivua miwani akanitazama. "Mwanangu," alisema taratibu, akisahau kwamba tuko mbele ya kadamnasi, "sitakusaidia kuamua."

*

"Sasa kinachokuliza nini?" Ezekia Chaula aliniuliza kesho yake, akisukuma mtumbwi kwa upondo katikati ya matete. "Umepewa njia, unainunia."

Chaula ndiye mlinzi wa lango la Ihefu. Gurudumu lile kubwa la chuma linalopandisha na kushusha mlango wa maji limo mikononi mwake, kama lilivyokuwa mikononi mwa mama yake. Jumamosi yeye ndiye ambaye angelizungusha, akakausha mashamba ya mpunga ya ndugu zake na bwawa alilofundishia watoto wake kuogelea. Dira ingeweza kulifunga yenyewe kwa umeme. Ila wazee walisema lango lifungwe kwa mkono wa mtu, ili mtu ajue alichofanya.

"Sijalia, kaka Chaula. Ni jasho."

"Jasho la macho."

Jua lilikuwa utosini. Ndiyo, mchana ule wa kuchemsha ubongo, na nilikuwa na sababu. Usiku nilijiuliza swali la kijinga: kama mbayuwayu wanaota manyoya hapa, mbona nyavu zangu hazijawahi kumnasa hata mmoja mwenye pengo kwenye bawa? Jibu lilinifanya nicheke peke yangu. Wavu hunasa anayeruka. Ndege mwenye pengo kwenye bawa haruki ila kwa shida; hutulia. Nasi tulifungua nyavu alfajiri, tukawanasa wazima wanaotoka kwenda kuwinda, tukazifunga jua likipanda kwa sababu ya huruma, kisha tukaenda zetu kunywa chai na chapati. Saa sita mchana hakuna mtaalamu wa ndege hata mmoja duniani aliye ndani ya matete. Tuliwajua mbayuwayu wa alfajiri tu, tukadhani ndio mbayuwayu wote.

"Punguza," nikamwambia Chaula. "Tazama pale chini."

Mwanzoni aliona kivuli tu. Kisha kivuli kikapepesa. Walikuwa wamekaa chini kabisa, shubiri moja juu ya maji, wamebanana kwenye mabua yaliyolala, maelfu kwa maelfu, kimya kabisa. Sijawahi kuona mbayuwayu kimya. Kila mmoja alikuwa amechakaa mabawa, amepauka, amejikunyata. Nilisikia furaha ikinipanda kifuani mpaka nikashika ukingo wa mtumbwi.

"Mungu wangu," Chaula alinong'ona. "Nimezaliwa hapa."

"Hata mimi nimesomea hapa."

Tukaazima mbinu ya wavuvi: ule wavu wa mpini wa Chaula, anaochotea perege, niliupitisha taratibu chini ya ubua mmoja nikaunyanyua. Ndege akaingia bila vurugu. Nikamvisha pete mguuni, nikalikunjua bawa lake dhidi ya mwanga. Manyoya ya kwanza hadi ya sita yalikuwa mapya, yaking'aa bluu. Ya saba na ya nane yalikuwa machanga, nusu nje na nusu bado ndani ya ala zake, vijibomba vyeupe kama mabua ya mchele. Na nchani ulikuwapo unyoya wa tisa wa zamani kwenye bawa moja. Kwenye bawa jingine ulikuwa umekwisha anguka na mpya unachomoza.

Nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi kabisa, na bado sikuwa na kitu, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na Dira hailambi picha.

"Haya," Chaula alisema. "Ng'oa."

Wa zamani ungesimulia mwaka uliopita tu; nikaushika ule wa tisa mpya, unaochomoza, kwa kibanio. Moyo wa ndege uligonga kwenye kidole changu kwa kasi isiyohesabika.

"Dada Tuse, ng'oa. Ndege thelathini kwa Ihefu nzima. Wakikosa maji si watakufa wote hawa? Huyo unayemhurumia si atakufa naye?"

"Najua."

"Na wanangu?"

"Najua, kaka."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonitesa. Ukiweka mizani, thelathini upande huu na kinamasi kizima upande ule, mtoto wa darasa la pili anajua uzito uko wapi. Niliipima mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Ila mkono haukukubali. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu, jua likinichoma utosi, ndege akijinyonga na kulisugua bawa lake kwenye mkono wa koti langu. Nilikuwa naenda kuthibitisha kwamba unyoya huu ndio unaomvusha jangwa, na njia yangu ya kuthibitisha ilikuwa kumzuia asivuke. Tulikuwa tumekosea kwa kuwaangalia ndege hawa kwa jicho moja. Sasa nilitaka kusahihisha kosa kwa kufumba hata hilo moja.

Nikafungua kiganja. Akatua kwenye tete la karibu, akajitikisa, akanitazama kama mtu uliyemchelewesha safari.

Chaula aliuchomeka upondo kwenye tope, akakaa, akanipa mgongo.

"Basi Jumamosi njoo ulifunge wewe," alisema. "Mimi mikono yangu haitafunga. Njoo wewe, kwa huruma yako."

Maneno yale yaliniingia. Nikalia sasa, bila kusingizia jasho, nikajifuta uso kwa mkono wa koti. Koti la wapima ndege ni jeusi tangu enzi na enzi, na nilipoushusha mkono nikaona umejaa vumbi jeupe, punje ndogondogo, kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Kaka Chaula," nikasema. "Nina mba?"

Aligeuka kwa hasira. "Kichwa umenyoa kama boga, mba itoke wapi?"

Nilikuwa nimekwisha toa lenzi mfukoni. Kila punje ilikuwa kipande cha kibomba, chembamba, kimepasuka ubavuni. Nikakumbuka somo la mwaka wa kwanza ambalo hakuna anayelikumbuka kwa kuwa haliulizwi kwenye mtihani: unyoya mchanga huota ndani ya ala, na ala ikishamaliza kazi hupasuka ikaanguka, ndege akijichokoa na kujitikisa. Ala hiyo hujengwa pamoja na unyoya wenyewe, kwa chakula kile kile, kwa maji yale yale, siku zile zile. Ni unyoya tosha. Ni mba ya ndege, na kwa miaka yote tuliipangusa kwenye makoti yetu kabla ya kwenda kunywa chai.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba na kikuponyacho huweza kuwa humo humo.

Nilicheka kwa sauti mpaka mbayuwayu kadhaa wakahama tete. Chaula alidhani jua limenipata. Nilipomweleza, aliuliza jambo moja tu: "Ndege anaumia?"

"Anapungukiwa na mba."

"Basi," alisema, akichomoa upondo, "unahitaji brashi."

*

Jumamosi asubuhi Baraza lilifika langoni likiwa na kisomeo cha Dira, kile chombo chake cha kusomea saini za maji, juu ya toroli, na watu wa Ihefu walikuwa wamejaa ukingo wote. Wengine walikuwa wamefunga vyombo tayari kwa safari ya Makambako. Chaula alisimama kwenye jukwaa la chuma kando ya gurudumu, mikono ameikunja kifuani. Jua lilikuwa linapanda.

"Shikamoo, Profesa," nikamwamkia.

"Marahaba. Umeleta manyoya?" Uso wake ulikuwa umekunjamana. Niliona anaogopa jibu la ndiyo kuliko la hapana.

"Sijang'oa hata moja. Nakuomba uingie mtumbwini na mimi. Na kisomeo kiingie pia. Dira ilisema ndege aliye mkononi. Haikusema mkono wa nani."

Matete yaliyo nyuma ya lango hayako mbali. Profesa Mhagama, mwenye magoti mabovu na heshima zake zote, alibebwa na vijana wawili akawekwa mtumbwini, akalalamika njia nzima kwamba saa kama hizi nyavu hufungwa. Tulipofika nikamwonyesha kivuli cha chini. Aliacha kulalamika. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Miaka yote hii," alisema hatimaye. "Walikuwa hapa sisi tukinywa chai."

Nikamchotea mmoja kwa wavu wa Chaula, nikamvisha pete, nikamkabidhi. Alimshika kwa ule mshiko wake, shingo katikati ya vidole viwili, mwili ukipumzika kiganjani. Nikatandika karatasi nyeusi chini ya bawa, nikatoa brashi yangu ya wanja, nikapiga mara moja juu ya ala ya unyoya wa tisa unaochomoza. Unga mweupe ukaanguka kwenye karatasi. Profesa alifungua kiganja, ndege akaenda zake na manyoya yake yote.

Nikaimimina mba ile ndani ya kisomeo.

"Kielelezo hiki si unyoya," Dira ilisema.

Profesa Mhagama ndiye aliyejibu, kwa ile sauti iliyokuwa ikitunyamazisha darasani.

"Ni ala ya unyoya wa tisa. Imetoka kwa ndege aliye hai, aliye mkononi mwangu, mwenye pete. Imeota na unyoya huo huo, siku hizo hizo. Mimi ndiye niliyeandika kanuni za vielelezo, na nasema inakubalika. Soma."

Kisomeo kilinguruma. Chaula, kule jukwaani, alikuwa ameshika gurudumu sasa, kwa mikono miwili.

"Saini ya maji," Dira ilisema, "ni Ihefu."

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka tu kwamba Profesa aliniambia nisiuzamishe mtumbwi. Tukamchota wa pili: Ihefu. Wa tatu: Ihefu. Wajumbe wengine wa Baraza, waliokuwa wamebaki ukingoni na viatu vyao safi, wakaanza kuvua viatu na kuingia majini. Watu waliofunga vyombo wakafungua ili kupata vitambaa vyeusi vya kutandika chini ya mabawa. Mama mmoja alivua ushungi wake akautoa. Kwenye ule umati hapakuwa na brashi za kutosha, wakatumia vidole, wakatumia mabua, wakapuliza kwa pumzi. Na kila mara ile sauti ya shangazi ilirudia jina la kwetu, Ihefu, Ihefu, mpaka watoto wakaanza kulitamka pamoja nayo.

Ndege wa thelathini alisomwa jua likiwa karibu na utosi.

"Mbayuwayu wanaitegemea Ihefu," Dira ilisema. "Manyoya yanayowavusha jangwa huota hapa. Hukumu ya awali ilikuwa na hesabu sahihi na swali pungufu. Lango lisifungwe. Malango yote ya Bonde yaliyohukumiwa kwa unyoya wa kwanza yasomwe upya."

Vigelegele vilipasuka ukingo mzima, hadi mbayuwayu wenyewe, utulivu wao wa mchana ukiwaishia, wakainuka juu ya matete kwa wimbi moja jeusi, wakipepea kwa mabawa yao yenye mapengo, wakilalamika. Nilikuwa nalia na kucheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja.

Profesa Mhagama alikuwa amekaa mtumbwini, mtandio wake mweusi umejaa mba begani. Ramani zake zote, kazi ya maisha yake, zingebidi zichorwe upya kuanzia mwanzo. Niliogopa kumtazama.

"Profesa, pole," nikasema.

"Pole ya nini? Nimeishi nikaona." Akanyoosha mkono. "Hiyo brashi nipe. Yako ni mbovu, lakini nitaanza nayo."

Nikampa. Mtumbwi uliporudi langoni nikapanda ngazi za chuma hadi jukwaani. Kwa maandalizi ya adhuhuri Chaula alikuwa ameshaushusha mlango nusu tu, kama kanuni inavyotaka, na maji yalikuwa yakipita kwa tabu chini yake. Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

"Nilikuambia uje," alisema, akasogea kando ya gurudumu. "Njoo basi. Lifungue."

Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Nikakishika kwa mikono miwili, nikazungusha, yeye akisukuma upande wa pili, na mlango ukaanza kupanda. Maji yakanguruma chini ya miguu yetu yakielekea Ihefu. Tulizungusha mpaka gurudumu likagoma.